Gaokao: kwanini dogo wa Kichina anajua maneno yote ya kifungu cha Kiingereza na bado anakosa swali?

mwalimu_jinhua (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Kila ikifika mwezi wa sita naona picha za gaokao, yaani mtihani wa taifa wa China wa kuingia chuo kikuu, zinazunguka humu, mama wa Kichina kavaa qipao nyekundu (lile gauni lao la asili) getini anamsubiri mwanae, polisi wanasimamisha magari mtahiniwa apite, na komenti zote zinaishia kwenye umati. Umati kweli upo, mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Ila sijaona mtu anafungua karatasi yenyewe tukaangalia kilichomo, na mimi karatasi ndo ninachokipenda, kwaiyo leo tuifungue, hasa Kiingereza, na hasa hasa sehemu ya ufahamu.

Kwa wasionifahamu, huko nyumbani nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari, sasa hivi nipo Jinhua mkoa wa Zhejiang nasoma shahada ya pili ya elimu. Kwa ajili ya utafiti naingia sana kwenye madarasa ya gao san, yaani mwaka wa tatu na wa mwisho wa sekondari ya juu, nakaa nyuma nasikiliza, na jioni baadhi ya madogo wananiletea vifungu tunavipitia pamoja.

Kwanza muelewe uzito wake. Gaokao ina alama 750 jumla. Kichina 150, hesabu 150, lugha ya kigeni 150, zilizobaki ni masomo ya kuchagua. Lugha ya kigeni inaweza kuwa Kirusi, Kijapani, Kifaransa, Kijerumani au Kihispania lakini wengi mno wanafanya Kiingereza. Kinafanyika tarehe 8 Juni saa tisa mchana mpaka saa kumi na moja, dakika 120, na sehemu ambako listening inapigwa mwanzoni mwa mtihani, ukifika baada ya saa nane na dakika arobaini na tano hawakufungulii mlango hata ulie machozi ya damu.

Sasa angalieni mgawanyo kwenye karatasi ya taifa inayotumika mikoa mingi. Listening 30. Ufahamu 50. Kujaza nafasi 30, maana kuna kifungu chenye mapengo 15 ya kuchagua na kingine chenye mapengo 10 ya sarufi. Kuandika 40, na hapo kwenye kuandika kuna alama 25 ambazo unapewa hadithi isiyoisha, unaisoma, halaf unaiendeleza kwa maneno kama 150. Yani ukijumlisha ufahamu, mapengo na hiyo hadithi unapata alama 105 kati ya 150 ambazo huwezi kuzigusa kama hujaelewa maandishi uliyowekewa mbele. Hujasoma vizuri, umekwisha.

Ufahamu wenyewe una vifungu vinne, wanaviita A, B, C na D. A mara nyingi ni tangazo au kipeperushi, mwaka 2023 ilikuwa bei za kukodi baiskeli Amsterdam, hapo unatafuta namba na saa basi. B inakuwa habari ya mtu na alichofanya. C na D ndo kwenye kazi, sayansi, jamii, hoja za watafiti, sentensi ndefu. Maswali 15 kila moja alama 2.5. Halaf kuna kifungu cha tano ambacho kimetolewa sentensi tano, unapewa sentensi saba, urudishe tano mahali pake na mbili uziache.

Na maneno? Mtaala unawataka wawe na maneno kama 3000 na kidogo. Hawa madogo wanayo. Asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza kuna kusoma kwa sauti, darasa zima wanasoma kwa pamoja, wengine wamesimama wima karatasi wameinua usawa wa macho ili wasisinzie, orodha ya maneno inapigwa kutoka A mpaka Z na ikiisha inaanza upya. Na neno likiwa nje ya mtaala, watunzi wanaliwekea maana ya Kichina kwenye mabano palepale kwenye karatasi.

Kwaiyo dogo ana maneno, yasiyo kwenye orodha katafsiriwa, muda anao, na bado kwenye D anakosa maswali mawili matatu kati ya manne. Hicho ndo kilichonileta hapa. Msimamo wangu nausema mapema: hawakosi kwa uhaba wa maneno. Wanakosa kwa sababu wamefundishwa kulisoma neno, hawajafundishwa kumfuata mtu anayeongea. Naendelea post inayofuata, nipeni dakika.

dada_wa_henan

Mwalimu umenigusa penyewe. Nimeolewa huku Henan, mtoto wa shemeji yangu yupo gao san mwaka huu, Kiingereza anapata tisini na kitu kati ya 150 miezi yote haibadiliki. Daftari lake la maneno limejaa kurasa mpaka unaogopa. Endelea tafadhali.

mzee_wa_makontena

Niko hapa. Mimi Yiwu nakuja kila mara kufuata mzigo, mabinti wa dukani wamemaliza sekondari wanakuandikia kwenye simu Kiingereza cha kueleweka kabisa ila ukimwongelesha anakimbilia kikokotoo. Utanijibu na hilo.

mwalimu_jinhua

Nitalijibu mzee wangu, Yiwu ni hapahapa kwetu, ipo chini ya Jinhua.

Naomba nichukue mfano mmoja niukae, maana kuongea kwa jumla hakusaidii. Kifungu D cha karatasi ya taifa namba I mwaka 2023. Kinaanza kwa kusema tarehe 7 Machi 1907 mwanatakwimu Mwingereza Francis Galton alichapisha makala kuonyesha kile ambacho leo kinaitwa hekima ya umati. Yaani ukiwaomba watu wengi wakisie kitu, kila mtu kivyake, wastani wa makisio yao unaweza kuwa karibu sana na ukweli.

Aya ya pili inaeleza kwanini. Watu wakikosea hawakosei upande mmoja, huyu anazidisha, yule anapunguza, ukichukua wastani makosa yanafutana. Ila kama watu wanafanana na wote wanaegemea upande mmoja, makosa hayafutani. Swali linauliza aya hii inahusu nini hasa. Jibu ni mantiki iliyo chini ya hiyo hali, basi. Dogo niliyekuwa naye alinitafsiria aya nzima kwa Kichina sentensi kwa sentensi bila kukosea hata moja, halaf akachagua jibu linaloongelea makosa, kwa sababu neno makosa lilijirudia sana kwenye aya. Ametafsiri vizuri, na hajajiuliza mwandishi ameiweka hii aya hapa ili ifanye kazi gani.

Halaf kinakuja kwa mtafiti anaitwa Navajas. Yeye na wenzake wakagawa umati kwenye vikundi vidogo wakaruhusu watu wajadiliane, na wastani wa vikundi vinne vya watu watano watano ukawa sahihi zaidi kuliko wastani wa watu 20 waliokisia kila mtu peke yake. Hapo kuna mgeuko mkubwa, maana mwanzo tumeambiwa siri ni kila mtu akisie kivyake, sasa tunaambiwa kuongea kwanza kunaongeza usahihi. Usipoushika huo mgeuko, kifungu chote kwako ni habari mbili zisizohusiana.

Sasa sentensi ya mwisho, hii ndo napenda kuwaonyesha watu. Inasema kwamba japo tafiti za Navajas zina mapungufu na maswali mengi bado yapo, matokeo yake yanaweza kuwa na maana kubwa sana kwa majadiliano na maamuzi ya vikundi. Swali la mwisho kabisa linauliza: mtazamo wa mwandishi kwa hizo tafiti ni upi? Jibu ni kwamba anaziunga mkono. Lakini mtoto aliyefundishwa kuwinda maneno ameona mapungufu, ameona maswali, maneno mawili ya kukosoa yapo hapo wazi, anachagua kwamba mwandishi ana mashaka nazo. Kumbe kwa Kiingereza sentensi ikianza na "although" uzito uko upande wa pili wa koma. Mtu akikwambia japo Juma mvivu lakini fundi kwelikweli, hujaambiwa uvivu wa Juma hapo, umeambiwa ukamwite akufanyie kazi. Kila mtoto wa Kichina anaijua hiyo "although", ameikariri tangu sekondari ya chini, hata kwa Kichina wanayo inayofanana nayo na wanaitumia kila siku. Shida anakutana nayo akiwa kwenye hali ya kukagua maneno, hayupo kwenye hali ya kusikiliza mtu.

Na watunzi wanalijua hilo. Majibu ya uongo wanayajenga kwa maneno ya kwenye kifungu chenyewe, jibu sahihi wanaliandika kwa maneno mengine kabisa. Ukiona chaguo lina maneno matatu uliyoyasoma sasa hivi, hapo ndo kaa macho.

tuisheni_kwa_wote

Mkuu hii ipo hata kwenye pasti pepa zetu, mtoto anakopi mstari wenye neno lililopo kwenye swali.

kipute_wa_nakuru

Ebu nichangie kama Mkenya. Kwetu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, pepa ya pili ya English comprehension hawakupi A B C D, unaandika. Na mara kwa mara unaambiwa kwa maneno yako mwenyewe, ama ufupishe kwa note form. Ukinyanyua sentensi vile ilivyo unapoteza maksi. Hiyo inakulazimisha uelewe, hakuna kubahatisha. Sasa hawa wenye maswali ya kuchagua pekee, mwalimu atajuaje kama mtoto ameelewa ama amepiga tu bahati?

mwalimu_jinhua

Kipute umeuliza kitu cha maana sana. Karatasi ya taifa kwenye ufahamu ni kuchagua tu, mashine inasahihisha, watoto wanapaka vile visanduku kwa penseli ya 2B. Na kwa watahiniwa milioni kumi na tatu unaelewa kwanini. Lakini Beijing wanatunga karatasi yao, na kuanzia 2021 wana sehemu ya alama 12 ya kusoma halaf kujibu kwa kuandika. Kuna swali moja pale nalipenda kuliko yote: unapewa kauli kuhusu kifungu, ndani yake kuna kipande cha uongo, unatakiwa upigie mstari hicho kipande na ueleze kwanini ni uongo. Huwezi kulijibu hilo kwa kuwinda maneno, inabidi useme mwandishi kasema nini. Ningekuwa na sauti ningeomba hiyo kitu iende nchi nzima, japo najua usahihishaji wake ni mzigo.

Kuhusu kubahatisha, kuna msemo wanafunzi wanarithishana hapa miaka na miaka, kwamba majibu matatu yakiwa marefu na moja fupi chagua fupi, matatu yakiwa mafupi na moja refu chagua refu. Wanaujua wote kama wimbo. Nimekaa na pasti pepa za karibuni nikapitia, huo msemo haukupeleki popote. Na naumia ninapoona mtoto mwenye akili zake anautegemea kwenye mtihani unaoamua chuo atakachosoma.

mzee_wa_makontena

Na hizi shule za tuisheni je? Nasikia zilifungwa.

mwalimu_jinhua

Mwezi wa saba 2021 serikali ilitoa sera ya kupunguza mizigo miwili, kazi za nyumbani na masomo ya ziada, na kampuni za tuisheni kwa faida kwenye masomo ya msingi na sekondari ya chini zikapigwa marufuku. Zile kubwa ziliyumba vibaya. Mojawapo ni New Oriental, ilianzishwa 1993 na Yu Minhong, na historia ya huyu bwana inahusu uzi wetu moja kwa moja. Alifanya gaokao 1978 akapata 33 kwenye Kiingereza, akafeli. Akarudia akafeli tena. Mara ya tatu, 1980, akaingia Chuo Kikuu cha Peking, idara ya Kiingereza. Mtu aliyepata 33 ndo akaja kufundisha China nzima mitihani ya Kiingereza.

Ila kwa gao san presha haijapungua, imehamia tu ndani ya shule yenyewe, vipindi vya usiku ni vilevile.

dada_wa_henan

Samahani mwalimu, hujamalizia kwanini hawamfuati mwandishi. Maana huyu binti kwa Kichina anasoma riwaya nene anamaliza kwa siku mbili, kuelewa anaelewa.

mwalimu_jinhua

Dada hiyo ni point kubwa. Kwa Kichina anasoma kama msomaji, kwa Kiingereza anasoma kama mkaguzi. Sababu moja ni ufundishaji, sababu nyingine ipo kwenye lugha zenyewe, naomba niieleze maana sisi wa Kiswahili tuna bahati hapo.

Kwa Kichina maelezo yote ya kitu yanatangulia, kitu chenyewe kinakuja mwisho. Sisi tunasema kitabu nilichonunua jana. Mchina anapanga mimi-jana-nilinunua, halaf ndo kitabu. Kiingereza kinafanya kama sisi, kitu kwanza, maelezo nyuma yake. Sasa kwenye kifungu D unakuta nomino, nyuma yake maelezo ya mstari mzima, ndani ya hayo maelezo kuna nomino nyingine nayo ina maelezo yake, kitenzi kikuu kipo huko mbele kabisa. Mtoto wa Kichina anasubiri kwa mazoea kwamba jambo kuu liko mwishoni, anapofika mwisho anakuta kipande kidogo cha maelezo, anarudi mwanzo, anasoma tena, anarudi, dakika zinakwenda. Ikifika mara ya tatu anaacha kusoma sentensi, anaanza kuokota maneno anayoyajua anaunga mwenyewe. Uwindaji wa maneno unaanzia hapo, na wala sio uvivu.

Halaf kuna yale maneno wanayoyajua kwa maana moja tu. Orodha inasema "address" ni anwani. Kwenye kifungu cha mazingira anakuta serikali ina-"address" tatizo la taka, yeye anaona anwani ya taka. Orodha inasema "weather" ni hali ya hewa, kumbe kampuni ime-"weather" mgogoro, yaani imevuka salama. Walimu hapa wanaita neno la zamani lenye maana mpya na wana orodha ya hayo pia, wanayakariri nayo! Wakati ungempa dogo vifungu kumi vizuri avisome taratibu angekutana nayo yakiwa kazini na yasingemtoka.

ngosha_mwanza

Mwalimu binafsi natofautiana na wewe kidogo. Kukariri kunadharaulika sana siku hizi ila bila maneno 3000 kichwani hata huyo mwandishi unayetaka wamfuate hawamsikii. Madogo wetu wengi hawana hata nusu ya hayo.

mwalimu_jinhua

Ngosha sikupingi hata kidogo kwenye hilo. Maneno ni lazima, na nidhamu ya hawa watoto kwenye kukariri naiheshimu kabisa, natamani wanafunzi niliowaacha Dodoma wangekuwa na nusu yake. Ninachosema ni kwamba wakishafika hapo, yale masaa yanayofuata yanatumika vibaya. Mtoto ana maneno 3000 unampa tena orodha ileile mara ya tisa badala ya kumpa kitabu.

Na mitihani yenyewe inakwenda huko. Tangu mtaala mpya wa 2017 maswali ya kutafuta kitu kilichoandikwa wazi hayatoshi tena kukupa alama za juu, yanayokutenganisha na wenzako ni yale ya aya hii ina kazi gani, mwandishi anaonaje, kichwa gani kinafaa. Mwaka 2024 kifungu C kilikuwa kinauliza kama kusoma kwenye skrini ni sawa na kusoma kwenye karatasi, jibu la mtafiti ni mara nyingi hapana, kwa sababu mtu akiwa kwenye skrini akili inakaa mkao wa mitandao ya kijamii na umakini unapungua. Kifungu kinachoongelea umakini wa msomaji, na kukijibu chenyewe kunataka umakini huohuo.

Watu huku wanachukulia hizi alama kwa uzito kweli. Novemba 2018 hapahapa Zhejiang, wakati mkoa unafanya Kiingereza mara mbili kwa mwaka, mtihani ulikuwa mgumu kuzidi ule wa mwaka uliotangulia, mamlaka zikaamua kuongezea uzito baadhi ya maswali ya ufahamu na ya kuandika. Matokeo yalipotoka wazazi waliwaka, maana mtoto mwenye majibu mengi sahihi alijikuta sawa na mwenye machache. Serikali ya mkoa ikachunguza, Desemba ikafuta zile alama na kurudisha alama halisi, na viongozi wakawajibishwa.

mzee_wa_makontena

Bado swali langu la mabinti wa Yiwu.

mwalimu_jinhua

Mzee wangu nisamehe nimekuweka. Angalia ule mgawanyo juu, umeona kuongea popote? Kwenye karatasi ya taifa hakuna. Guangdong wana mtihani wa kusikiliza na kuongea kwenye kompyuta na alama zinahesabika, ila sehemu nyingi mtihani wa kuongea kama upo hauingii kwenye zile 750. Mwalimu wa gao san mwenye watoto hamsini darasani hawezi kutumia kipindi kwenye kitu kisichohesabiwa. Kwaiyo yule binti macho yake yamesoma Kiingereza miaka tisa na zaidi, mdomo haujapewa nafasi. Mwandikie, atakujibu vizuri tu.

dada_wa_henan

Sasa mwalimu nisaidie na huyu binti. Muda umebaki miezi michache, nifanye naye nini? Kiingereza changu ni cha form six ila nasoma bila shida.

mwalimu_jinhua

Cha form six kinatosha kabisa dada, tena unaweza kumsaidia kuliko mwalimu wake kwa sababu una muda wa kukaa naye mmoja.

Acha karatasi mpya mpya kila siku. Chukua karatasi za taifa za miaka michache ya karibuni, C na D peke yake, na kifungu kimoja mkikae jioni nzima. Akisome chote bila maswali, halaf afunike karatasi akwambie, hata kwa Kichina, huyu mtu anataka kutuambia nini na alianzia wapi akageukia wapi. Akishindwa hapo usimpeleke kwenye maswali, arudi asome. Hii peke yake nimeona inawabadilisha.

Halaf maswali. Kila jibu akuonyeshe kwa kidole mstari unaolithibitisha. Na yale matatu yaliyobaki akwambie kila moja lina ubaya gani, hili halipo kabisa kwenye kifungu, hili limegeuzwa, hili ni kweli lakini sio lililoulizwa, hili limekuza mambo. Lile la kweli lakini sio lililoulizwa ndo linawala wengi, lisimamie sana.

Sentensi ndefu akikwama msitafsiri. Mwambie atafute kitenzi kikuu kwanza, halaf nani anafanya, maelezo mengine yote aweke mabano kwa penseli. Akizoea ataacha hata kuweka hayo mabano. Kwenye ile ya sentensi tano zilizotolewa mfundishe kuangalia viwakilishi, sentensi ikianza na "they" au "this" lazima hao "they" wawe wametajwa hapo juu, wakiwa hawapo hiyo sio mahali pake.

Na kama anapenda riwaya kwa Kichina mtafutie hadithi za Kiingereza zilizorahisishwa kidogo, asome kabla ya kulala, asitafute neno hata moja kwenye apu. Mwalimu wake anaweza kuona anapoteza muda, mtetee. Ile hadithi ya kuendeleza yenye alama 25 itamlipa hapo.

dada_wa_henan

Asante sana mwalimu wangu, Mungu akubariki. Amenambia shule yao kuna wenzake wamehamia Kijapani kwa sababu Kiingereza kimewashinda, na yeye anafikiria. Unaonaje?

mwalimu_jinhua

Najua, wapo wengi wanafanya hivo maana Kijapani kina herufi nyingi za Kichina na mtu anaanza moja kwa moja sekondari ya juu. Kuna kozi za chuo zinataka mtahiniwa wa Kiingereza tu, kwaiyo aangalie kwanza anachotaka kusoma, na akifika chuoni makala za sayansi atazikuta kwa Kiingereza hatahivyo. Ila kwa binti mwenye tisini na kitu, aliye gao san tayari, mwenye daftari lililojaa maneno, kuhama sasa hivi hapana kabisa. Huyo yupo karibu kuliko anavyojiona. Anzeni na hicho kifungu cha Galton leo jioni, akikwama kwenye ile sentensi ya mwisho niandikie hapahapa.

kipute_wa_nakuru

Mwalimu na muda? Vifungu vinne na ile ya sentensi, anagawaje?

mwalimu_jinhua

Walimu wengi hapa wanawapa kama dakika 35 kwa zote tano. A isizidi dakika nne, B sita, C na D ziachiwe kumi kumi hivi, inayobaki ni ya zile sentensi saba. Akifika D muda umekwenda, akimbilie swali la mtazamo wa mwandishi na la kichwa cha habari kwa kusoma aya ya kwanza na ya mwisho kwa utulivu, asirukeruke katikati. Na visanduku apake kila akimaliza kifungu, asisubiri mwisho.